Uzi: Ramani za bure zinavyomuumbua mzushi ukiwa umekaa kwako

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kudukua simu, hizi mada mbili hazina undugu. Hapa hakuna kudukua. Tunaangalia vitu vilivyoanikwa hadharani, tunavibana kwa maswali.

Nianze na kisa. Masika moja iliingia klipu kwenye grupu la ukoo: maji ya rangi ya chai ya maziwa, basi limezama mpaka madirishani, watu wanapiga kelele. Maelezo: "Jangwani leo alfajiri". Shangazi tayari alikuwa anapigia simu kila anayepita Morogoro Road. Nikaisimamisha klipu sekunde ya tisa. Mlango wa basi ulikuwa upande wa kulia. Kwetu tunaendesha kushoto, mlango wa abiria unakaa kushoto. Nikahofia labda klipu imegeuzwa kama kwenye kioo, nikatazama maandishi ubavuni mwa basi: yanasomeka sawasawa, hayajapinduka. Kwa hiyo hapo si Jangwani, wala si Kenya wala Uganda. Hiyo ni nchi wanakoendesha kulia.

Mpaka leo sijui klipu ile ni ya wapi, na sikuhangaika kujua. Kukanusha ni rahisi kuliko kuthibitisha. Ukitaka kuanza kazi hii, anza na kukanusha.

Sasa zana. Zote za bure, unachohitaji ni bando na kompyuta isiyokata tamaa.

Ya kwanza ni Google Earth Pro ya kwenye kompyuta. Zamani ilikuwa dola 399 kwa mwaka, tangu Januari 2015 ni bure. Kilichomo humo ambacho watu hawakitumii ni kile kitufe cha saa chenye mshale unaorudi nyuma. Ukikibonyeza unapata picha za zamani za eneo lilelile, mwaka kwa mwaka. Kingine ni kushuka mpaka usawa wa macho ya mtu aliyesimama, ukaiona milima inavyojipanga upeoni.

Tahadhari moja ambayo imewaaibisha wengi, mimi nikiwemo. Chini ya picha kuna mwaka kando ya alama ya hakimiliki. Huo SI mwaka wa picha. Tarehe ya picha imeandikwa sehemu nyingine, kwa herufi ndogo, na mara nyingi kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi kwanza. Kwa hiyo 3/4/2021 ni Machi 4, si Aprili 3. Nimeshaona mtu amejenga hoja ya kurasa mbili juu ya tarehe ya hakimiliki.

Ya pili ni Copernicus Browser, picha za setilaiti za Ulaya. Sentinel-2 inapita juu ya eneo lako kila baada ya siku tano hivi. Ukali wake ni mita 10 kwa nukta moja, yaani nyumba yako ni nukta moja au mbili, gari hulioni. Lakini msitu uliofyekwa, mto uliohama, mgodi uliopanuka, vyote unaviona. Jaribu mwenyewe: weka Mlima Kilimanjaro, chukua siku isiyo na mawingu kabla ya moto wa Oktoba 2020 na nyingine baada yake, kisha badilisha rangi uweke zile za infraredi (mwanga ambao jicho haliuoni). Kovu la moto linajichora lenyewe. Masika mawingu yakikuziba hamia Sentinel-1, hiyo ni rada, mawingu hayaizuii. Ila picha zake ni nyeusi na nyeupe zenye chenga, mpaka uzizoee.

Moto una ramani yake, FIRMS ya NASA. Nukta nyekundu pale si nyumba inayoungua, ni eneo la upande wa mita 375 ambamo joto limeonekana. Inaweza kuwa mkulima anachoma shamba.

OpenStreetMap kila mtu anaijua, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwa uswazi wa Dar mimi naiamini kuliko ramani za kampuni kubwa, kwa sababu tangu 2015 vijana wa Ramani Huria, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa UDSM, waliingia Tandale na Manzese kwa miguu wakachora mpaka mitaro. Juu yake kuna Overpass Turbo. Hii inapokea swali kama hili: nionyeshe kila msikiti ulio ndani ya mita 100 kutoka kituo cha mafuta, katika mkoa huu. Ukiwa na picha yenye mnara wa msikiti na pampu za mafuta nyuma yake, badala ya mji mzima unabaki na sehemu kumi na kitu za kukagua.

Mfano mkubwa naweka chini, ngoja nile kwanza.

#2

Naweka kambi hapa. Siti ya mbele kabisa.

#3

Mkuu hii si ni kazi ya watu wa system? Kesho tukusikie umeitwa.

#4 (mleta uzi)

#3 swali zuri. Kuangalia picha ya setilaiti iliyowekwa hadharani si kosa. Kinachoweza kukuponza ni unachokiandika baada ya kuangalia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa hiyo usianike nyumba ya mtu binafsi, usiwe hodari wa kutaja "muuaji ni huyu", na kambi za jeshi ziache zilivyo.

Na kabla hatujachungulia ya wenzetu, tuchunguze mifuko yetu. Mwishoni mwa 2017 Strava, ile programu ya wakimbiaji, walitoa ramani ya dunia inayong'aa pale watu wanapokimbia. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaona vijiduara vinang'aa katikati ya jangwa huko Syria na Afghanistan. Walikuwa wanajeshi wa kigeni wanafanya mazoezi kuzunguka kambi zao na saa mkononi.

Sasa ule mfano. Julai 2018 ilisambaa video mbaya mno: wanajeshi wanawaongoza wanawake wawili na watoto wawili, mmoja mtoto wa mgongoni, kisha wanawapiga risasi. Watu walisema ni Cameroon. Serikali ya Cameroon ikasema uzushi. BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, wakisaidiana na Bellingcat (kundi la wachunguzi wa mitandaoni), shirika la haki za binadamu la Amnesty na wachambuzi wa mitandaoni wanaojitegemea, wakaichambua. Septemba 2018 wakatoa matokeo.

Walianza na mlima. Sekunde za mwanzo za video zinaonyesha safu ya milima yenye umbo lake. Wakaanza kuilinganisha na milima ya kaskazini mwa Cameroon kwenye Google Earth. Haikukubali kirahisi. Kilichowatoa ni mtu mmoja, Mcameroon, aliyewadokeza watazame karibu na mji wa Zelevet, jirani na mpaka wa Nigeria. Wakashuka usawa wa macho, safu ikakaa juu ya safu. Hapo kwenye mdokezo huwa nasimama. Zana zote za dunia zilikuwa mikononi mwao, lakini njia aliwaonyesha mwenyeji.

Kisha wakati. Jengo moja linaloonekana kwenye video lipo kwenye picha za setilaiti mpaka Februari 2016, halafu halipo. Basi mauaji ni kabla ya hapo. Kuta za uzio mwingine zinaonekana Machi 2015, lakini Novemba 2014 hazijajengwa. Basi ni baada ya hapo. Kuna kijia cha miguu kinachojitokeza miezi ya kiangazi tu, Januari mpaka Aprili. Mwisho wakawatumia wanajeshi wenyewe kama mikono ya saa: kivuli chao kinaeleza jua lilikuwa juu kiasi gani na upande gani. Wakabaki na siku chache, kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015.

Serikali ilikuwa imeshabadili kauli tangu Agosti 2018, ikatangaza wanajeshi saba wamekamatwa. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi ikawafunga wanne miaka 10 kila mmoja, wa tano miaka miwili, wawili wakaachiwa.

Angalieni hakuna hata hatua moja hapo iliyosema "tumeona mauaji kutoka angani". Setilaiti haikuona kitu. Ilijibu tu ndiyo au hapana: ukuta upo? Jengo bado lipo?

#5

Naomba nimrekebishe mleta uzi kidogo, mimi ni mpima ardhi, huu ndio mkate wangu. Watu wataondoka hapa wakidhani Google Earth inapima viwanja. Haipimi. Picha zake zinaweza kuwa zimesogea mita kadhaa, na zinasogea tofauti mwaka hadi mwaka. Weka alama kwenye kona ya nyumba picha ya 2012, nenda 2020, utaona nyumba "imehama". Haijahama.

Kubwa zaidi: ramani zetu za zamani za serikali, zile za 1:50,000, ziko kwenye mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960. Google na simu yako wako kwenye mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua viwianishi (zile namba za mahali) vya ramani ya zamani ukavibandika kwenye simu bila kuvibadilisha, unakosea kwa mita 300 hivi. Nimeitwa mara mbili kusuluhisha ugomvi wa shamba ambao haukuwa ugomvi, kila mmoja alikuwa sahihi kwenye mfumo wake.

#6 (mleta uzi)

#5 nakubali, na asante. Umenikumbusha kosa langu la utoto: kusahau alama ya kutoa. Dar ni -6.8, 39.28. Ukisahau ile kutoa unajikuta Ethiopia. Ukizigeuza, ya pili ikawa ya kwanza, unaangukia Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Ukiona viwianishi vya Tanzania vimekupeleka kwenye mashamba ya Wazungu, jua kosa ni lako.

Ila kwa viwanja ina kazi yake nyingine. Ndugu yangu alikuwa anataka kununua sehemu fulani nje kidogo ya mji. Dalali kala kiapo: "Hapa maji hayajawahi kufika tangu enzi za babu." Nikarudisha saa nyuma. Picha ya miaka saba iliyopita, mto unapita katikati kabisa ya kile kiwanja. Iliyofuata mto umesogea, mchanga mweupe umebaki. Iliyofuata kuna majani. Ya karibuni kuna nguzo za mbao na bango. Dalali alipoonyeshwa alisema setilaiti ni za Wazungu hazijui mito yetu. Pesa ilirudi mfukoni.

#7

Miye niko Goma, Kongo. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, kwenye magrupu zilijaa picha za lava ikiwa katikati ya mji, kati ya maduka. Wazee walizitambua palepale, zilikuwa za Januari 2002. Mwaka ule lava ilipita mjini, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikafika ziwani. Ya 2021 ilisimama upande wa Buhene, haikufika uwanja wa ndege. Mtu wa mbali angefungua setilaiti kusubiri mawingu yaondoke, sisi tuliangalia tu lava imesimama mbele ya duka gani. Picha za angani zilipopatikana ndipo tukawaonyesha ndugu walio Brussels, maana wao walikataa kutuamini kwa mdomo.

#8 (mleta uzi)

#7 hapo umemaliza. "Lava imesimama mbele ya duka gani" ndiyo swali lenyewe.

#9

Mkuu rudi kwenye vivuli. Unakisiaje tarehe kwa kivuli? Mimi hesabu zilinikimbia form two.

#10 (mleta uzi)

Hesabu inafanywa na tovuti ya SunCalc. Unaweka mahali, tarehe na saa, inakuchorea jua liko wapi na kivuli kinaelekea wapi. Kazi yako ni kuisogeza mpaka kivuli chake kifanane na cha kwenye picha.

Chukua Dar. Watu wanadhani jua la adhuhuri liko utosini mwaka mzima. Halipo. Simamisha fimbo ya mita moja mwishoni mwa Juni jua likiwa juu kabisa: kivuli ni kama sentimita 58, na kinaelekea kusini. Rudia mwishoni mwa Desemba: sentimita 30 tu, na kinaelekea kaskazini. Kwa hiyo picha ya adhuhuri ya Dar ambayo kivuli kinaelekea kaskazini haiwezi kuwa ya Juni hata aliyeituma akuapie. Ni ya kati ya Oktoba 11 hivi na Machi 2 hivi.

Na "adhuhuri" hapo si saa sita kamili. Dar, kwa wastani wa mwaka, jua linafika juu kabisa kwenye saa sita na dakika 20 na ushee, kwa sababu saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari ulio mashariki zaidi yetu.

Kuhusu saa, jihadharini sisi Waswahili zaidi ya wengine. Setilaiti zinaandika kwa UTC, ile saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukiona 07:45, ongeza tatu unapata 10:45, ambayo kwetu ni saa nne na dakika arobaini na tano asubuhi. Sentinel-2 kwa kawaida inapita kwetu mida hiyo ya saa nne na nusu, basi usitegemee ikuonyeshe kitu cha jioni. Nimeshamwona mtu kasoma 07:45 akaandika "saa moja na dakika arobaini na tano asubuhi", na vivuli vyote vikamgomea.

#11

Wakenya hapa. Msisahau Ushahidi. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, waandishi wa blogu na wataalamu wa programu waliunda tovuti ya haraka: unatuma SMS au unaandika mtandaoni, tukio linawekwa kwenye ramani. Neno lenyewe la Kiswahili likaenda Haiti kwenye tetemeko la 2010. Tatizo lilikuwa hilihili mnalojadili: nani anahakikisha alama kwenye ramani ni kweli?

#12

Nina ombi, kama si kuharibu uzi. Nina picha ya marehemu baba, nyuma imeandikwa kwa peni "kivuko, 1994" basi. Amesimama kando ya lori, nyuma ni mto mpana, ng'ambo miti. Alikuwa dereva wa masafa. Nimeipakia. Inaweza kujulikana ni wapi?

#13 (mleta uzi)

#12 pole na msiba, mkuu. Nimeitazama kama saa moja. Mto mpana, minazi miwili kushoto, pantoni ndogo. Nasema Pangani, kivuko cha kwenda Bweni. Upana unaelekea kufanana na nilioupima kwenye Google Earth. Sina uhakika kamili lakini nipo asilimia themanini.

#14

Mleta uzi leo umeteleza. Mimi nimezaliwa Pangani. Ukisimama mjini ukatazama Bweni, ng'ambo kuna kilima, kinapanda kutoka majini palepale. Kwenye picha ya mzee ng'ambo ni tambarare, miti iko usawa wa maji. Shuka usawa wa macho kwenye hiyo Google Earth yako uone.

#15 (mleta uzi)

Nimeshuka. Kilima kipo. Nafuta asilimia themanini zangu, nilipenda minazi nikasahau nilichowaambia kwenye namba 1. Nilitafuta kinachofanana badala ya kinachokataa.

#16

Dereva wa masafa, 1994, tambarare, mto mpana, foleni ya malori (nyuma ya lori lake naona jingine na jingine). Umri wangu unaniambia Rufiji, kivuko cha Ndundu. Njia ya Lindi na Mtwara yote ilikuwa inasubiri pale kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Leo ukitafuta kivuko kwenye ramani hukioni, ndiyo maana mleta uzi hakukiwaza.

#17 (mleta uzi)

Nimefungua picha za Landsat, setilaiti za Marekani, za miaka ya tisini. Nukta moja mita 30, pantoni haionekani. Lakini barabara inaonekana ikifika mtoni na kukatika, inaendelea ng'ambo. Daraja hamna. Bonde tambarare pande zote mbili. Haipingani na picha. Siwezi kusema zaidi ya hapo, #12 kuna mtu nyumbani anayeweza kukumbuka safari za mzee?

#18

Nampigia mama.

#19

Wakuu nimerudi. Sikumtajia jina la sehemu, nilimsomea tu ile "kivuko, 1994". Akacheka kwanza. Akasema ni Ndundu, mzee alikwama pale siku mbili na shehena ya korosho, akarudi na samaki wa kukaanga waliokwisha haribika na akalazimisha wapikwe. Picha alipigwa na utingo.